Kupimana kwa macho, Kanda ya Ziwa

Mwanza ukipotea miezi kadhaa, halafu ukakutana na mtu anayekufahamu pale Kirumba au Nyakato, salamu haiishii kwenye salamu. Atakushika mkono, atarudi nyuma hatua moja, atakukagua kuanzia shingoni hadi kiunoni, kisha atatoa ripoti kwa sauti inayomfikia hadi muuza nyanya wa jirani. "Mama, umenawiri! Mambo yako si mabaya." Au ripoti ya pili: "Vipi tena, mbona umekwisha hivyo? Kuna usalama kweli?" Ukijibu kwamba u mzima wa afya, haamini. Ukijibu kwamba kweli unaumwa, anaona haya kidogo, halafu anauliza ni nini, na jioni mtaa mzima una taarifa.

Wanaoitetea tabia hii wanaiita uchangamfu. Wanaoikosoa wanailaumu mitandao, picha za wanamitindo na mambo ya kigeni ya kutaka kila msichana awe kimbaumbau. Naona pande zote mbili zinaanzia mahali pasipo sahihi. Jicho la mtu wa Kanda ya Ziwa linapokagua uzito wa mwenzake halikufunzwa na simu. Lilifunzwa hapahapa kwenye mwambao huu wa Ziwa Victoria, zamani kabla ya simu, na somo lenyewe lilikuwa la kifo. Somo hilo limepitwa na wakati, lakini bado tunalitumia kutolea hukumu.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Wazee wa Bukoba wanakumbuka ugonjwa ukiitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Uganda. Kipimo hakikuwepo kijijini, dawa haikuwepo popote. Kilichokuwepo ni macho. Mialoni wanakotia nanga wavuvi, visiwani na kwenye stendi za mabasi watu walijifunza kusoma mifupa ya shingo, mashavu, na namna mkanda wa suruali unavyoongezewa tundu. Mchuuzi aliyepungua alianza kukimbiwa na wateja kabla hajajua mwenyewe anaumwa nini. Mwanamke aliyerudi kutoka kisiwani akiwa amekonda alitengewa kikombe chake. Na aliyenenepa akawa anatembea na cheti cha afya mwilini, kisichohitaji muhuri wa daktari. Hapo ndipo "umenenepa" ilipokuwa sifa kubwa kuliko "umependeza", na hadi leo mama mkwe wa huku akimtembelea mke wa mwanawe, jambo la kwanza analolikagua ni kama binti wa watu ameongezeka au amepungua, maana kwa hesabu yake mwili wa mke ndio ripoti ya mwenendo wa mume.

Jicho la miaka ile halikuwa la kijinga. Mara nyingi lilipatia, ndiyo maana likakita mizizi kiasi hiki. Kitu kinachopatia wakati wa hofu hakisahauliki hata hofu ikipita.

Ajabu ni kwamba mkoa huuhuu wa Mwanza ndio ulioipa dunia ushahidi uliotoka kwenye vipimo vya damu, si kwenye macho. Kati ya 1991 na 1994, katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza, watafiti walijaribu kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya afya. Matokeo yaliyotoka mwaka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yamepungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilikaa ikasoma. Kisesa, pale kwenye barabara ya Musoma, wakazi wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti tangu 1994, kaya kwa kaya. Ni watu wachache barani Afrika waliopimwa damu na kuhesabiwa kwa utaratibu kama wa kwetu. Lakini panda hiace inayotoka Kisesa kuja mjini usikilize wanavyojadiliana kuhusu abiria aliyeshuka kituo kilichopita. Utadhani maabara haijawahi kufika.

Tazama mwili wa mtu anayeishi na virusi ulivyobadilika toka dawa zije. ARV zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Miaka ya mwanzo wengi walimeza mchanganyiko wenye stavudini, dawa iliyookoa maisha lakini iliyohamisha mafuta mwilini: mashavu yanabonyea, mikono na miguu inabaki mishipa, na wengine tumbo linatangulia. Mtaani hawakuchelewa kujifunza. "Mashavu yale si ya bure." Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziiondoe dawa hiyo taratibu. Kuanzia 2019 Tanzania ikaingia kwenye kidonge kimoja cha siku chenye dolutegravir. Majaribio yaliyofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka huohuo yalionyesha kwamba wanaotumia dawa hiyo huongezeka uzito, na wanawake huongezeka zaidi ya wanaume.

Kwa hiyo virusi vilevile vimetupatia miili mitatu: aliyekonda wa 1990, mwenye mashavu yaliyobonyea na kitambi wa 2007, na aliyenawiri wa leo. Mtaa umebaki na kamusi ya mwili wa kwanza. Matokeo yake, mwenye virusi anapewa hongera kwa kunawiri, na mwenye kisukari aliyepungua kilo kumi anaambiwa amekanyaga miwaya. Halafu sasa hivi nimeanza kusikia kijiweni kwamba "siku hizi hata kunenepa ghafla ni dalili." Yaani badala ya kuacha kupima kwa macho, tunataka kuyasasisha.

Madhara yake si ya hisia pekee. Dawa nyingi tunazomeza kwa magonjwa mengine kabisa hubadili umbo, na mzaha wa mtaani unaingia katikati ya mgonjwa na kidonge chake. Prednisoloni hutolewa kwa pumu kali, kwa magonjwa ya figo, kwa magonjwa ya kinga ya mwili kama lupasi. Ukiitumia muda mrefu uso unaviringika, mabega yanajaa, njaa haikatiki. Mtu huyo akiitwa bonge kila anapopita, akaamua kuacha vidonge ghafla bila kumwambia daktari, anaweza kuanguka vibaya, kwa sababu tezi zake zimekwisha kuzoea kupumzika na haziwezi kurudi kazini kwa siku moja. Sodiamu valproeti ya kifafa huongeza uzito. Olanzapini, inayomrudishia mtu akili yake baada ya kuugua miezi, huongeza uzito. Insulini pia. Sindano ya uzazi ya miezi mitatu huwaongeza baadhi ya wanawake na wengine haiwagusi. Familia ikishasherehekea kwamba kijana wao ameacha kuongea peke yake barabarani, jambo la pili ni kumtania kwamba kazi yake ni kula na kulala. Akiacha dawa ili apungue, wanarudi kwa mganga kuuliza ni nani kamroga.

Na kuna biashara imezaliwa katikati ya hukumu hizi mbili. Wasichana wanaotaka kuonekana wamenawiri wananunua vidonge vya "kuongeza mwili". Katika miji mingi ya Afrika, vinavyouzwa kwa kazi hiyo ni ciproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula, pamoja na deksamethazoni, ambayo ni ndugu wa prednisoloni, mwenye nguvu kumzidi. Hatua chache pembeni, mtu mwingine anauza chai ya kuondoa tumbo, ambayo ukiichunguza kazi yake kubwa ni kukuharisha.

Nilisema hiace. Hebu tukae humo kidogo. Mchana wa jua kali, Igoma, siti ya watatu wamekaa wanne kama kawaida. Anapanda mama wa makamo na ndoo ya dagaa iliyofunikwa kwa kitenge. Konda, kijana ambaye mama huyo angeweza kumzaa, anamwambia, "Shangazi, wewe hapo lipia mbili." Gari zima likacheka. Mama naye akacheka, akajibu kwamba siti mbili sawa, ila na ndoo nayo apewe tiketi, na watu wakacheka zaidi. Amezoea, jibu lake lilikuwa limekaa tayari. Nilikuwa nimekaa chini kidogo, karibu na miguu yake, kwa sababu siti yangu ilikuwa ya kukunja. Alikuwa amevaa kandambili. Mkanda wa kandambili ulikuwa umezama kwenye mguu na nyama imeinuka kila upande, na alipousogeza kwa kidole, alama ilibaki pale kama shimo, haikurudi. Inaweza kuwa moyo. Inaweza kuwa figo, au kusimama tangu alfajiri kwenye vichanja vya dagaa, au joto tu la siku ile. Sina utaalamu wa kusema. Lakini kati ya abiria wote waliocheka hakuna aliyekuwa na utaalamu huo, na konda ndiye aliyekuwa na uhakika kuliko wote.

Moyo ukishindwa kusukuma vizuri, figo zikipitisha protini, ini likichoka, mwili hujaa maji, na mizani haijui kutofautisha maji na mafuta. Huku kwetu tuna sababu ya ziada ambayo watu wa Dodoma hawana kwa wingi huu. Kichocho cha tumbo kimejaa kwenye vijiji vya mwambao na visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome na kwingineko. Minyoo yake hupita kwa konokono wadogo wa majini, inaingia kwa ngozi mtoto akioga, akichota maji au akifua ziwani, inakwenda kutulia kwenye mishipa inayozunguka utumbo na ini. Mayai yake yanaacha makovu kwenye ini, mwaka baada ya mwaka. Prazikwanteli inaua minyoo, lakini kovu lililokwisha komaa kwenye ini si rahisi lifutike. Kwa wachache, mtu akifika miaka thelathini au arobaini, bandama inakuwa kubwa, tumbo linajaa maji, na siku moja anatapika damu.

Mtu wa namna hii ukimkuta mwaloni amevaa fulana, utaona kijana mwenye miguu myembamba na tumbo la kutangulia. Wenzake watamwambia apunguze bia. Nyumbani wengine watasema kategwa na mwenye wivu na nyavu zake. Bia na uchawi, hizo ndizo sababu mbili tulizo nazo mkononi, na zote zinamlaumu mtu: ama yeye mwenyewe, ama jirani.

Kwa wanawake, tumbo lina swali lake maalumu. "Hongera, mwezi wa ngapi?" Uvimbe kwenye kizazi unaweza kukua hadi ukafanana na mimba ya miezi sita, na anayeuliza hajui kwamba mwanamke aliye mbele yake amekuwa akivuja damu siku kumi na mbili kila mwezi, au kwamba ametoka kupoteza mtoto na tumbo halijarudi. Nimeona swali hilo likiulizwa harusini, mbele ya mawifi, kwa furaha kabisa. Wapo wenye tatizo la homoni linalovuruga mayai ya uzazi, hedhi hazieleweki, uzito unapanda hata kwa chakula kidogo. Kwao unene na kukosa mtoto ni jambo moja lenye mzizi mmoja, lakini ukweni yanahesabiwa kuwa makosa mawili tofauti.

Upande wa wembamba nao una mkasa wake wa hapa. Kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye siko seli, na Kanda ya Ziwa ndiyo yenye mzigo mkubwa. Mtoto wa siko seli damu yake inavunjika haraka kuliko inavyotengenezwa, mwili unatumia nguvu nyingi kuliko chakula anachokula, na balehe inachelewa. Kijana wa kidato cha nne anaonekana wa darasa la sita. Shuleni anaulizwa kama kwao hawali. Mama yake naye anaulizwa, kwa njia ya kuzunguka, anapeleka wapi hela ya matumizi.

Na mtoto wa chini kabisa ndiye anayetudanganya kuliko wote. Kwashakoo huvimbisha. Mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, analishwa uji na ugali mtupu wa udaga, yaani wa mhogo, mashavu yanajaa, miguu inanona, ngozi inang'aa kwa muda, na majirani wanasema mtoto wa fulani ana afya. Nywele zinabadilika rangi kuwa kama za mahindi machanga na bado wanasema ana afya. Sisi ambao mashavu ya mtu mzima tunayasoma kama gazeti, mashavu ya mtoto mwenye utapiamlo tunayapa hongera, tena mjini ambako minofu ya sangara inapakiwa viwandani kwenda Ulaya na kinachobaki kwa wengi ni mapanki, yaani mifupa na vichwa.

Nikifika hapa kuna wasomaji wanaosema: sawa, wapo wagonjwa, lakini wengi wa wanene ni wanene kwa sababu wanakula. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Utafiti wa 2015 hadi 2016 ukakuta asilimia 28. Kama sababu ni uroho, basi tukubali kwamba katika kipindi cha miaka mitano hivi wanawake wa Tanzania walipatwa na uroho kwa pamoja, mijini kuliko vijijini, na wanaume wakapatwa nao kidogo zaidi. Hakuna anayeamini hivyo. Kilichobadilika ni mazingira: mafuta ya kula yanayopimwa kwa kibaba hadi uchochoroni, chapati na chai ya sukari nyingi kama mlo wa kuanzia siku, soda kwenye kila msiba, chipsi kila kona, na kazi ya kukaa kibandani tangu asubuhi hadi usiku. Mama anayeuza mitumba Makoroboi hachagui kati ya saladi na chapati. Anachagua kati ya chapati na njaa.

Lakini mazingira hayo ni ya wote, mbona wengine hawanenepi? Hapo ndipo utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 1986 unasaidia. Albert Stunkard na wenzake waliwafuatilia watu wazima 540 ambao utotoni walichukuliwa na kulelewa na wazazi wasiowazaa. Wakalinganisha miili yao na ya wazazi wa pande zote mbili. Unene na wembamba wao ulifuatana na wazazi waliowazaa, ambao hawakula nao meza moja. Na ule wa wazazi waliowalea, waliokaa nao meza moja utoto mzima, haukuwa na uhusiano unaoonekana. Bibi zetu wangesema ni damu ya ukoo, na kwa hili wangekuwa karibu na ukweli kuliko konda wa Igoma.

Sitaki kudanganya upande wa pili. Uzito uliozidi kweli unaongeza hatari ya presha, kisukari na magonjwa ya moyo, na wodi zetu zina ushahidi wa kutosha. Lakini kumjua mwenye hatari ni tofauti na kumjua mwenye kosa, na kumkejeli hakumpunguzii hata gramu. Uchunguzi uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia maelfu ya watu kwa miaka minne hivi. Waliokuwa wamebaguliwa kwa ajili ya uzito wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wanene kupindukia mwisho wa kipindi hicho kuliko ambao hawakubaguliwa. Haishangazi. Mtu anayechekwa akitembea ataacha kutembea.

Wapo siku hizi wanaodhani wameondoka kwenye macho wakaingia kwenye sayansi, kwa sababu kuna mashine. Utazikuta stendi na pembezoni mwa masoko: unapanda, sauti ya kurekodiwa inakukaribisha, unatoa hela kidogo, inatoka karatasi nyembamba yenye uzito, urefu na hukumu. Karatasi ile inatumia hesabu ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mwanaastronomia na mtaalamu wa takwimu. Yeye alikuwa anamtafuta binadamu wa wastani. Kutibu mtu hakukuwa kazi yake. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani aliipa hesabu hiyo jina inalotumia leo, BMI, naye alikuwa akizungumzia makundi ya watu. Mpande kuli wa Kirumba, mwenye mgongo ulioota misuli kwa kubeba magunia ya dagaa, karatasi inamwambia amezidi. Mpande yule kijana wa kichocho mwenye maji tumboni na mikono kama fito, karatasi inaweza kumwambia yuko sawasawa. Mashine angalau haicheki.

Watu wa Usukumani tulipaswa kuwa waangalifu kuliko wengine wote katika kusoma miili. Kwa miongo mingi, Mwanza, Shinyanga, Geita na jirani zake, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi: miaka hamsini ya kupulizia kuni na samadi kwenye jiko la ndani lisilo na dirisha. Dalili ilionekana na kila mtu. Chanzo kilikuwa palepale jikoni, kinafuka, na hakuna aliyekiangalia kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha patikana. Silinganishi mzaha wa ndani ya gari na panga la usiku, hilo lingekuwa tusi kwa wafu. Nasema tu kwamba mwendo wa fikra ni uleule, na sisi tumeuona ukifika mwisho wake.

Je, tunyamaze basi? Hapana, na wahudumu wa afya hawatatusamehe tukinyamaza. Kupungua uzito bila sababu ni moja ya maswali ya kumchunguza mtu kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na jasho la usiku. Ndugu aliyegundua suruali za kaka yake zinamdondoka ana haki ya kusema, pengine ana wajibu. Tofauti iko kwenye mahali na kwenye kinachofuata. Dada anayemwita kaka yake pembeni, akamuuliza usiku analalaje, halafu akatoa nauli na kwenda naye kupima, huyo ana ruhusa yangu ya kutazama mashavu ya mtu. Anayetangaza sokoni kisha akaendelea na safari yake hana.

Na wahudumu wenyewe nao wana la kujibu. Kuna kituo kimoja cha afya jijini hapa, sitakitaja, ambako mizani imewekwa koridoni, mbele ya mabenchi ya wanaosubiri. Muuguzi mmoja anasoma, mwingine yuko mezani hatua tano mbali anaandika, kwa hiyo anayesoma inabidi apaze sauti. "Tisini na nne! Avue viatu huyo. Tisini na tatu na nusu!" Benchi zima linageuka. Anayefuata ni binti mwembamba, inasomwa thelathini na nane, benchi linageuka tena, na safari hii linanong'ona. Kuna akina mama wanaoruka mizani makusudi na kumwambia daktari kilo za mwaka jana, na dozi ya dawa za mtoto au za kifua kikuu hupangwa kwa kilo. Sitegemei kuwabadilisha makonda wa hiace leo wala kesho. Lakini mizani ile inaweza kuhamishwa wiki hii hii, iingie nyuma ya pazia, na anayesoma aandike mwenyewe kwenye kadi. Kitambaa kipo Makoroboi, fundi wa kukishona anakaa hapohapo barazani, na kama bajeti ya kituo haina fungu la pazia, waseme, wagonjwa tutachanga.